Uji wa Mtoto na Muda wa Mama: Historia ya Ulishaji wa Watoto Wadogo Nchini

Utamaduni wa taifa unapotajwa, watu wengi hufikiri ngoma, nyimbo, uchongaji, mavazi na masimulizi ya kale. Hawakosei, kwani hayo yote ni sehemu ya utamaduni. Lakini utamaduni ni jumla ya namna watu wanavyoishi, na katika jumla hiyo ni mambo machache yanayoweza kulingana kwa uzito na namna jamii inavyowalisha watoto wake. Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu adabu na tabia, hata tukasahau kwamba kulea huanza na kulisha, na kwamba adabu njema haiwezi kukaa katika mwili uliokosa chakula.

Insha hii inakusudia kueleza historia ya chakula cha mtoto ambaye ameanza kuachishwa ziwa lakini hajafikia umri wa kwenda shule. Umri huo umechaguliwa kwa makusudi. Mtoto mchanga ana ziwa la mama yake. Mtoto wa shule ana miguu ya kumpeleka porini kutafuta matunda, na ana mdomo wa kudai haki yake mezani. Huyu wa katikati hana hili wala lile. Chakula chake chote hutegemea mkono wa mtu mwingine, na mkono huo kwa kawaida ni wa mama ambaye ana kazi nyingine ishirini. Kwa muda mrefu wataalamu, wageni na wenyeji, wamekuwa wakisema kwamba mtoto huyu hudhoofika kwa sababu mama yake hajui. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi mama alijua. Kilichopungua ni muda wake.

Tuanze na desturi za zamani. Katika jamii nyingi za nchi yetu mtoto alinyonya kwa miaka miwili, na pengine zaidi. Chakula chake cha kwanza cha kulikiza kilikuwa uji. Siku hizi neno uji hutufanya tufikiri mahindi, lakini mahindi ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika, nayo yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, kisha yakaenea bara pole pole. Nafaka za Afrika yenyewe ni mtama, uwele na ulezi, na uji wa ulezi ndio uliosifiwa sana kwa watoto na kwa wanawake waliojifungua. Sifa hiyo haikuwa ya bure, kwa maana ulezi una madini ya chokaa kwa wingi kuliko nafaka nyingine tuzilazo, nayo ndiyo yajengayo mifupa na meno.

Kadhalika wazee wetu walikuwa na ujuzi wa kimea. Ulezi au mtama hurowekwa kwa maji, hufunikwa mahali penye joto mpaka uchipue, hukaushwa juani, kisha husagwa. Unga huo ndio unaotumika kupikia pombe. Lakini haukutumika kwa pombe peke yake. Katika nyanda za juu za kusini na sehemu nyingine nyingi watu hutengeneza togwa, yaani uji uliotiwa kimea ukaachwa uchachuke kidogo. Togwa ina utamu na uchachu kwa pamoja, wala hailevyi, na hunywewa na mkulima shambani, na mgeni, na mtoto. Msomaji aliweke jambo hili la kimea moyoni, kwani tutalirudia.

Kulikuwa pia na mwiko uliohusu umri huu hasa. Wazazi walitakiwa kutoingiliana mpaka mtoto aachishwe ziwa, ili mama asipate mimba nyingine mapema. Waliovunja mwiko huo na mtoto wao akadhoofika, akakonda au akachelewa kutembea, walisemwa kwamba wamembemenda. Kwa mtazamo wa sayansi, kubemenda si maelezo sahihi ya ugonjwa. Hata hivyo, neno hili limebeba uchunguzi wa kweli: mtoto anayesukumwa kando kabla ya wakati wake, kwa sababu mwingine yuko njiani, yumo hatarini. Mwiko uliwapa watoto nafasi, na nafasi hiyo ilimpa mama nguvu ya kumwangalia mmoja kabla ya kumpokea wa pili. Ubaya wake ulikuwa aibu. Mama ambaye mtoto wake alianza kuvimba miguu au kukonda aliogopa maneno ya majirani, akamficha ndani badala ya kumtoa atibiwe. Watumishi wa afya vijijini wanaifahamu aibu hiyo mpaka leo.

Wala tusiyasifu ya kale kupita kiasi. Desturi ya kula pamoja katika sinia moja ni nzuri, na ni shule ya udugu. Lakini mwenye mkono mdogo na meno machache hawezi kushindana na kaka zake, na tonge lake la tatu huikuta sahani imekwisha. Vinono vilikuwa vya baba na wageni wake. Katika makabila kadha watoto walikatazwa mayai, kwa maelezo ya namna mbalimbali ambayo yote yaliishia kumnyima mtoto chakula kilichomfaa kuliko vyote vilivyokuwa uani. Ukame na nzige pia vilikuwapo. Tunalosema ni kwamba jamii ilikuwa na ujuzi wake, na kwamba ujuzi huo ulikuwa umefungamana na mpangilio wa kazi na wa watu: bibi aliyempokea mjukuu alipoachishwa ziwa, shangazi wa nyumba ya pili, na shamba lisilokuwa mbali.

Mpangilio huo ndio uliotikiswa na ukoloni. Kodi ililazimisha wanaume kutafuta fedha, na fedha ilikuwa katika mashamba makubwa ya wageni, hasa ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Vijana waliandikwa kwa mikataba na kusafirishwa mbali na kwao, wakaitwa manamba. Njombe, Songea, Kigoma na sehemu nyingine zilizokuwa mbali na reli au mazao ya biashara zikawa kama ghala la vibarua. Huko mashambani kibarua alipewa posho, ambayo zaidi ilikuwa unga wa mahindi na maharage. Posho ilipimwa kwa tumbo la mtu mmoja mzima, kana kwamba hakuwa na mke wala mtoto. Kule alikotoka, mke alibaki na jembe lake na la mumewe.

Watawala walipoanza kuuliza juu ya chakula cha Mwafrika, swali lao la kwanza lilihusu nguvu ya kibarua. Mfano unaojulikana ni uchunguzi uliofanywa nchini Kenya na John Boyd Orr pamoja na J. L. Gilks, ukachapishwa mwaka 1931. Waliwalinganisha Wamasai, wenye kuishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wenye kuishi zaidi kwa nafaka na mimea. Walipima urefu, uzito na nguvu. Kazi yao ilikuwa na manufaa yake kwa elimu, lakini mtoto wa miaka miwili hakuwa shabaha yake.

Aliyemwona mtoto huyo ni mwanamke. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Aliona watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne, waliolishwa zaidi uji wa mahindi, wakivimba miguu na mikono, ngozi ikibambuka, nywele zikigeuka rangi, na wengi wakifa. Mwaka 1933 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo akina mama wenyewe waliuita katika lugha ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Madaktari wengine wa wakati ule walishikilia kwamba ulikuwa ugonjwa uliokwisha kujulikana kwa jina jingine, na ilichukua miaka mingi kabla ya neno la akina mama wa Kiga kukubaliwa katika vitabu vya dunia nzima. Kiswahili kililipokea likawa kwashakoo.

Hapa inafaa kutua kidogo. Kutoka pwani ya Ghana mpaka pwani yetu ni safari ya bara zima, wala lugha hizi mbili hazikuazimana. Hata hivyo neno la Kiga na neno letu la kubemenda yameshika wakati ule ule katika maisha ya mtoto. Waganda nao wana neno lao, obwosi, linalohusisha ugonjwa wa mtoto na mimba mpya ya mama yake. Wanawake wa sehemu tatu za Afrika walikuwa wamekwisha kuona ni lini mtoto huanguka, kabla ya daktari yeyote kufika na mizani.

Baada ya vita kuu ya pili ugonjwa huu ulichunguzwa kwa bidii jirani na kwetu, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambako Hugh Trowell na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi na kutoa kitabu chao kikubwa mwaka 1954. Wakati huo wataalamu wa dunia waliamini kwamba chanzo kikubwa cha utapiamlo katika Afrika ni upungufu wa protini, na dawa yake ikadhaniwa kuwa maziwa ya unga. Shehena za maziwa yaliyotolewa siagi ziligawanywa katika zahanati na misheni. Imani hiyo iliendelea mpaka mwaka 1974, Donald McLaren alipoishambulia waziwazi katika jarida la kitabibu la Uingereza. Ilikuwa imeanza kueleweka kwamba watoto wengi hawakukosa protini peke yake. Walikosa chakula cha kutosha kwa jumla. Mtoto asiyepata nguvu ya kutosha huichoma protini kama kuni, hata ukimpa maziwa. Kwa ufupi, bakuli lilikuwa dogo, na lilijazwa mara chache mno.

Huko huko Mulago, hata hivyo, kulizaliwa jambo la maana zaidi kuliko mabishano ya protini. Mwaka 1965 kilifunguliwa kitengo kilichoitwa Mwanamugimu. Mama alikaa hapo pamoja na mtoto wake mgonjwa, akapika mwenyewe, kwa vyakula ambavyo angevipata nyumbani. Alichanganya ndizi au viazi na maharage, karanga au samaki, akavipika pamoja katika jani la mgomba, na chakula hicho kikaitwa kitobero. Mtoto alipona mbele ya macho ya mama yake kwa chakula cha shamba la mama yake. Hapakuwa na kopo lolote la kununua. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo makampuni ya maziwa ya kopo yalikuwa yakitangaza biashara zao mpaka ndani ya wodi za wazazi, mpaka mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipopitisha kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Sasa turudi nyumbani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, na utapiamlo ni mtoto wa wote watatu. Katika Wizara ya Afya kulikuwa na daktari Michael Latham, aliyezaliwa Kilosa na kutumikia nchini kwa miaka kadha. Kitabu chake juu ya lishe katika Afrika ya tropiki kilitolewa na Shirika la Chakula na Kilimo mwaka 1965 na kutumiwa na vizazi vya waganga na wauguzi. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na Dakta T. N. Maletnlema akaiongoza katika miaka yake ya mwanzo. Ni nchi chache za Afrika zilizokuwa na chombo cha namna hiyo wakati ule.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya kampeni. Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kisha kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Msomaji aliyeishi wakati huo atakumbuka makundi matatu ya vyakula, ya kujenga mwili, ya kutia nguvu na ya kulinda mwili, ambayo kila mwanafunzi aliweza kuyataja bila kukosea. Kwa mara ya kwanza chakula cha mtoto mdogo kilizungumzwa hadharani, na wanaume wakiwapo. Hilo halikuwa jambo dogo katika jamii ambayo iliyahesabu mambo ya jikoni kuwa siri ya wanawake.

Lakini somo la makundi matatu lilikuwa na kasoro. Lilimchukulia mama kuwa mwanafunzi aliyekosa habari. Aliambiwa ampe mtoto yai, maziwa, dagaa na mboga, naye aliitikia kwa adabu, kisha akarudi nyumbani kwenye kazi zile zile. Tena katika miaka hiyo hiyo ya 1973 hadi 1976 watu walihamishiwa vijijini. Kijiji kilileta shule, zahanati na bomba la maji, na watoto wengi waliokolewa na mambo hayo. Lakini mahali pengi shamba lilibaki kule kule lilikokuwa, na mama akaongezewa safari ya kwenda na kurudi. Mtoto aliyekuwa akinyonya au kulishwa chini ya mti pembeni mwa shamba sasa alibaki kijijini na dada yake mwenye umri wa miaka minane. Kampeni za redio hazikuzungumzia safari hiyo.

Sehemu ya historia hii inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ya Iringa. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na Italia, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Iringa ya wakati ule ilijumuisha pia Njombe na Makete. Ni mkoa wenye mvua, wenye mahindi, maharage, viazi, njegere na matunda, na wenye kuuza chakula kwa mikoa mingine. Hata hivyo zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa mwanzoni mwa mpango walikuwa na uzito uliopungua. Njaa ya ghala tupu haikuwa maelezo ya kutosha.

Kilichofanyika ni rahisi kukieleza. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Akina mama walileta watoto wote wa chini ya miaka mitano, wakawaning'iniza mmoja mmoja katika mizani, na uzito ukaandikwa katika kadi yenye mistari ya rangi. Kadi za namna hiyo hazikuwa mpya. David Morley alikwisha kuzitumia kijijini huko Nigeria miaka mingi kabla. Upya wa Iringa ulikuwa katika mahali hesabu ilipopelekwa. Haikuishia katika daftari la zahanati. Ilipelekwa mbele ya serikali ya kijiji, ikasomwa kwamba watoto kadha wamo katika hatari, na wazee, wengi wao wanaume, wakatakiwa kuuliza kwa nini na kuamua la kufanya. Baada ya miezi mitatu watoto walipimwa tena, na wazee wakaona kama uamuzi wao ulifaa. Kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena: huo ndio uliokuwa mzunguko wenyewe.

Nao walipouliza kwa nini, majibu yaliyotoka hayakuwa yale ya mabango ya makundi matatu. Ilidhihirika kwamba watoto wengi walikula mara mbili tu kwa siku, kwa kuwa jiko liliwashwa mara mbili tu. Uzito wao ulishuka hasa katika majira ya kilimo, kuanzia mwisho wa mwaka, mvua zinapokuwa kubwa, malaria na kuhara vinapozidi, ghala linapopungua, na mama yuko shambani tangu alfajiri mpaka jioni. Mambo hayo manne humwangukia mtoto kwa pamoja. Ugali wa jioni huiva wakati mtoto amekwisha kulala.

Uamuzi wa vijiji ulifuata majibu hayo. Mahali pengine waliweka vituo vya kulelea watoto wadogo, ambako watoto walipikiwa uji mchana kwa unga uliochangwa na kaya au kutoka katika shamba la kijiji. Mahali pengine walitafuta mashine ya kusaga, kwa maana mwanamke anayetwanga na kusaga kwa mkono hupoteza saa nyingi za siku yake. Wahudumu wa afya wa kijiji walichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kuna vijiji vilivyotunga sheria ndogo ya kuwalazimisha wazazi kuleta watoto kwenye mizani. Naona faini si mwalimu mzuri wa ulezi, ingawa wengine watasema bila faini baba asingelijali jambo hilo.

Hapo ndipo kimea kiliporudi. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, A. C. Mosha akiwa mmojawapo, pamoja na mwenzake kutoka Sweden, Ulf Svanberg, walikuwa wakishughulikia tatizo ambalo kila mama analijua kwa kijiko chake. Wanga unapopikwa huvimba na kushika maji. Ukitia unga wa kutosha kumshibisha mtoto, uji huwa mzito kama ugali laini, na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuumeza. Ukitia unga kidogo ili unyweke, tumbo lake dogo hujaa maji, na baada ya saa moja analia tena. Ili apate nguvu ya kumtosha kwa uji mwepesi angepaswa kulishwa mara nyingi mno kwa siku, jambo ambalo mama wa majira ya kilimo hawezi kulifanya.

Jibu lilikuwa katika chungu cha pombe. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha kukata wanga uwe vipande vidogo. Ukipika uji mzito, ukauacha upoe kidogo, ukatia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga, katika muda wa dakika chache uji ule ule huwa mwepesi, bila kuongezwa maji, na nguvu yake yote imo ndani. Wataalamu waliuita unga wa nguvu. Walitahadharisha kwamba kimea cha mtama kiondolewe machipukizi yake, kwani yana sumu; ulezi hauna shida hiyo. Katika miaka ya 1990 Wilbald Lorri, akishirikiana na Svanberg huyo huyo, alionyesha kwamba watoto wa vijiji vya Tanzania waliokuwa wakinywa uji uliochachuliwa, yaani ndugu wa togwa, walipata kuhara mara chache kuliko wenzao. Uchachu huwazuia wadudu wa maradhi kuzaana katika uji uliopikwa asubuhi na kunywewa mchana. Kwa mama asiyeweza kuwasha moto mara tano, hilo ni jambo kubwa. Wazee wetu hawakujua habari za vimeng'enya wala bakteria, lakini walijua kwamba togwa hailali ikaharibika kama uji mtupu.

Matokeo ya Iringa yalionekana. Kufikia mwaka 1988 watoto wenye uzito uliopungua katika vijiji vile walikuwa wameshuka chini ya watoto wawili katika kila watano, na wale wa hatari kubwa walipungua zaidi kwa kiasi chao. Mpango ukapanuliwa katika mikoa mingine, na mwaka 1990 Shirika la Kuhudumia Watoto liliyatumia mafunzo yake kutengeneza mkakati wake wa dunia nzima. Urban Jonsson, aliyekuwa amefanya kazi hapa nchini, alishiriki sana katika kazi hiyo. Katika mkakati huo matunzo ya mama na mtoto yaliwekwa bega kwa bega na chakula na huduma za afya. Wanafunzi wa lishe katika vyuo vya mbali huchora mchoro huo mpaka leo, na wengi wao hawajui kwamba mizizi yake imo katika mikutano ya hadhara ya Wahehe na Wabena.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Uchumi ulikuwa umeyumba, wafadhili waliondoka, mizani ikachakaa na haikurudishwa, na wahudumu wa kijiji waliokuwa wakilipwa na vijiji wakakosa posho. Mambo mengine yaliendelea: matone ya vitamini A, chumvi yenye madini joto, na baadaye kuongeza virutubishi katika unga wa viwandani. Haya yote yana faida, nayo yana tabia moja: hayamhitaji mama awe na muda. Uji unauhitaji.

Siku hizi kipimo kinachotajwa zaidi ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya kulishwa vibaya na kuugua kwa muda mrefu. Kipimo hicho si kile cha uzito kilichotumika Iringa, kwa hiyo tarakimu za nyakati hizo mbili zisilinganishwe moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015/16 ulikuta asilimia 34, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 30. Hayo ni maendeleo, ijapokuwa si ya haraka. Lakini katika utafiti huo wa 2022 mkoa ulioongoza kwa udumavu nchini ulikuwa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Njombe, iliyokuwa sehemu yake mpaka mwaka 2012, na Rukwa, zilifuata kwa karibu. Yote mitatu ni mikoa inayolisha mikoa mingine.

Serikali imerudia baadhi ya mambo ya zamani. Wakuu wa mikoa hutia saini mikataba ya lishe, halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na kila baada ya miezi mitatu kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Madukani kuna unga wa lishe wa kila aina, mwingine ukiwa na nafaka saba ndani yake, kana kwamba wingi wa majina ni wingi wa chakula. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huweza kuingiza sumukuvu katika unga huo huo.

Nao mwezi wa Januari ungali mwezi wa Januari. Mvua imeshika, palizi haisubiri, na mama anayelima la kula na la kuuza hutoka nyumbani kabla ya jua. Uji mwepesi wa mahindi umeachwa katika chupa ya chai, na mwenye kuumimina ni dada mtu. Ukipita kijijini saa nne za asubuhi utakuta kimea kizuri cha ulezi kimeanikwa juani juu ya mkeka, kinasubiri kupelekwa kilabuni.